Kinyama cha Titi na Safari Yake Hadi Maabara

Tangu kampeni ya Oktoba ianze, akina mama kutoka Kyela, Makete na Mbarali wamejitokeza kwa wingi kupima matiti, nasi tunawapongeza kwa dhati. Lakini yamekuja pia malalamiko kwamba majibu yanachelewa na kwamba maabara inakataa sampuli za vinyama, yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwenye uvimbe wa titi ili vipimwe. Mimi ni daktari wa patholojia hapa Mbeya. Vinyama hivyo ndivyo ninavyovisoma kwa darubini kila siku, kwa hiyo naomba nieleze.

Picha ya titi humwonyesha daktari kwamba kuna jambo, lakini kinachothibitisha saratani ni kinyama, na huchukuliwa kwa sindano nene baada ya ganzi. Hapa ndipo tunapopoteza watu. Mama anaambiwa mtaani kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli! Aliyeikimbia sindano Aprili, akasema ngoja kwanza tuvune mpunga, akirudi Septemba ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa na kwapani kuna matezi. "Lakini hauumi, daktari." Ndiyo, mara nyingi hauumi. Usiuchekelee kwa sababu hiyo.

Sasa utaratibu. Kinyama kiingie kwenye formalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, ndani ya saa moja tangu kitolewe, na formalini iwe mara 10 ya ujazo wake. Kikae humo si chini ya saa 6 na kisizidi saa 72, hivyo safari ya basi ya siku moja haikiharibu. Jina kamili, umri, namba ya jalada na upande, kushoto au kulia, viandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu iseme hayo hayo. Visipolingana hatuendelei mpaka aliyechukua sampuli athibitishe ni ya nani. Hatuwezi kumpa mtu saratani ya mwenzake.

Kijana mmoja alituletea kichupa cha mama yake ndani ya mfuko wa maparachichi. Abiria walilalamikia harufu, akaimwaga dawa dirishani na kujaza maji ya kunywa. Kinyama kilifika kimelegea kama samaki aliyelala juani, seli zimepasuka, hakisomeki. Mama akachomwa tena. Simlaumu yule kijana, hakuna aliyemweleza. Wenzangu wa wodini, mwambieni anayebeba: hiyo dawa haimwagwi, na mfuniko ukazwe vizuri.

Uharibifu huo unagusa matibabu yenyewe. Kwenye kinyama tunatafuta vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli ya saratani zinazoshika homoni za mwili. Vikiwapo, mgonjwa anaweza kutumia tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, kuuzuia ugonjwa usirudi. Ni dawa ya bei nafuu ikilinganishwa na dawa nyingi za saratani, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kinyama kilichooza kinaweza kuonyesha vipokezi havipo ilhali vipo, na mama akanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia. Kwa familia ambayo nauli na malazi ya kwenda kupigwa mionzi kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kuuza ng'ombe, hilo si jambo dogo.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Sampuli ikirudiwa, siku hizo zinaliwa.

Majibu hatuyasomi kwa simu, wala hatumpi jirani. Huenda kwa daktari aliyekuandikia kipimo, naye ndiye atakayekueleza. Ukiitwa, njoo hata kama uvimbe umepungua, hata kama umeanza dawa ya kienyeji. Hatutakugombeza. Na ukibadilisha laini ya simu, rudi kituoni waandike namba mpya kwenye jalada lako, kwa sababu ile ya zamani ndiyo tutakayoendelea kuipiga.