Nilianza kwa kuchokonoa gemu za wenzangu

Kazi yangu ni kuchora ramani za gemu: ukuta ukae wapi, mlango ufunguke upande gani, mchezaji akiingia chumbani jicho lake litue kwenye nini kwanza. Nikiulizwa nilisomea wapi huwa nasitasita, kwa sababu nilianza kwa kuharibu. Nilifungua faili la gemu niliyoipenda, nikakuta namba inayoamua adui anaona umbali gani, nikaikata nusu. Gemu ya kupigana ikageuka gemu ya kunyatia. Namba moja tu!

Utamu wa kutengeneza modi, yaani kubadilisha gemu iliyotengenezwa na mwingine, uko hapo. Anayeanza gemu yake kutoka sifuri huhangaika miezi kabla hata mhusika hajapiga hatua. Wa modi anakuta mhusika anatembea, sauti zinasikika, mvua inanyesha. Linalobaki ni swali moja: nikibadilisha hiki, mchezaji atahisi nini? Leo ninalipwa kulijibu swali hilohilo.

Mlango huu ulifunguliwa makusudi. Gemu ya Doom ilipotoka Desemba 1993, watengenezaji wake, id Software, walikuwa wameweka ramani, picha na sauti katika faili za WAD, kando na programu yenyewe, hivyo mtu aliweza kupachika ramani yake bila kugusa injini, yaani programu hiyo. Quake, gemu yao ya 1996, ikaja na QuakeC, lugha ya programu iliyowawezesha watu kubadilisha hata kanuni za mchezo. Mwaka huohuo ikazaliwa modi ya Team Fortress, na walioitengeneza wakaja kuajiriwa na Valve, kampuni ya gemu.

Counter-Strike, modi ya Half-Life, gemu ya Valve, husimuliwa kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni mwaka 1999. Minh Le, mmoja wa waanzilishi wake wawili, alikuwa ameshatengeneza modi nyingine juu ya Quake kabla hajaigusa Half-Life. Mkono ulikuwa umeshazoea. Mwaka 2000 Valve ilikuwa imeichukua modi hiyo na kuiuza kama gemu kamili.

Wasiojua programu wasikate tamaa. Nick Pearce alikuwa mwanasheria Australia alipotoa The Forgotten City, modi ya gemu ya Skyrim, mwaka 2015. Iliyovuma ni hadithi yake, hata ikapata tuzo ya chama cha waandishi wa maigizo na filamu cha nchi hiyo. Akaacha sheria, akaijenga upya kama gemu inayojitegemea, ikatoka 2021. Kuijenga upya kulikuwa na maana yake: modi ni chumba ulichopamba katika nyumba ya mtu. Mara nyingi masharti ya gemu yanakukataza kuiuza, basi yasome kabla hujaanza kuota pesa.

Mimi mwalimu wangu alikuwa mchezaji nisiyemjua. Katika ramani yangu ya kwanza niliweka kibao kikubwa: PITA HAPA. Hakuna aliyekisoma. Watu walizunguka ukumbi ule kama kuku waliopotea banda, kisha wakaniandikia kwamba ramani ni mbovu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaondoa kibao, nikatundika taa juu ya mlango, na malalamiko yakakoma.

Nilipoitwa kwenye usaili wa kazi yangu ya kwanza nilibeba modi moja ndogo iliyokamilika, pamoja na orodha ya mabadiliko ya kila toleo. Niliacha nyumbani ile kubwa ya miaka miwili, maana haikuwa na mwisho. Msaili aliicheza dakika chache, akapitia orodha, kisha akauliza, "Toleo la nne umeondoa daraja. Kwa nini?"

Nikamwambia kila aliyelifikia alisimama katikati kutazama mandhari, na maadui nyuma yake wakabaki wanamsubiri. Muda wote uliobaki tulizungumzia daraja lile.