Akili mnemba haidai Kiingereza wala kompyuta

Mtajie muuza vitenge wa Kariakoo akili mnemba (AI), yaani programu zinazojibu na kuandika kama mtu, atakwambia hayo ni ya wasomi, yanataka Kiingereza na kompyuta. Si kweli. Programu kama ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022, inafanya kazi kwenye simu janja, ina toleo la bure na inaelewa Kiswahili, ingawa Kiingereza chake bado ni kizuri zaidi.

Wala hakuna maneno ya siri ya kuiamrisha, yale yanayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp (anayefaidi hapo ni muuzaji). Andika kama unavyomwagiza kijana wa dukani: “Nauza vitenge kwa jumla. Niandikie ujumbe mfupi, wa heshima, wa kumkumbusha mteja deni lake.” Jibu likija kavu, iambie ilainishe.

Uangalifu unahitajika kwingine. Programu hii huunga maneno yanayoelekea kufuatana, kutokana na maandishi mengi iliyofunzwa. Ndiyo maana inaweza kukutungia kiwango cha kodi bila hata kusita. Ya kodi kaulize TRA. Na namba yako ya siri ya kutolea pesa usiiandike humo kabisa.