Mlimau Ulioliwa Majani: Tunayoyakosea Kuhusu Vipepeo wa Bustanini

Naishi Mabawa, hapa Tanga mjini, na wageni hupenda kuniuliza kama jina la kata ndilo lililonitia mapenzi ya vipepeo. Hapana, ni mlimau. Upo nyuma ya nyumba, karibu na bomba, na kila masika ikishika majani yake machanga huliwa yakabaki mishipa. Miaka mingi tuliupulizia dawa. Mwaka tulioacha, ndipo vipepeo wakubwa weusi walipoanza kuzunguka uani kuanzia saa tatu asubuhi, jua likishapanda. Majirani wakawa wanapita kuomba mbegu za maua, na kila anayepita ana lake alilosikia. Mengi nami nimekua nayo, kwa hiyo simlaumu mtu.

"Panda maua mengi, vipepeo watakuja"

Watakuja, watakunywa, wataondoka. Ua kwa kipepeo ni kibanda cha chai stendi. Anachokitafuta jike kwa siku nzima ni jani la kutagia, na si jani lolote. Kila aina ina mmea wake, au ukoo mmoja wa mimea, ambao watoto wake wanaweza kuula. Wakianguliwa penginepo watakufa njaa huku wamezungukwa na kijani.

Nimemfuatilia jike mmoja akipita juu ya mwembe, mpera na mstafeli bila kutua, kisha akashuka kwenye mche wa mndimu usiofika magotini. Akalipigapiga jani kwa miguu ya mbele, kwa sababu miguuni ndimo anamoonjea. Akaridhika. Akakunja tumbo, akabandika yai moja la manjano hafifu, lisilofika punje ya ulezi, akaenda zake. Sekunde tatu hivi, na mche ule kwangu ukawa na thamani kuliko waridi zote za mtaa.

Kwa hiyo anza na majani. Sisi watu wa pwani mengi tunayo tayari bila kujua. Mlimau, mndimu na mchungwa humlisha huyo mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita *Papilio demodocus*. Ukimpima bawa hadi bawa anafika sentimita 10 au zaidi. Mstafeli na mtopetope hulisha jamii ya *Graphium*, warukao kwa kasi kama waliotumwa. Mkarakara, yaani mpesheni, huliwa na viwavi wa jamii ya *Acraea*. Mjohoro tunaoupanda kwa kivuli na kuni hulisha wale weupe na manjano ambao baadhi ya misimu huonekana wakipita makundi kwa makundi, wote wameelekea upande mmoja. Hata lile gugu la ua jeupe lenye doa la zambarau ndani, ambalo kila mtu huling'oa akisafisha ua, hulea kipepeo mdogo mweusi mwenye madoa mawili ya buluu inayong'aa. Liache kona moja.

Maua nayo yana kazi yake. Zinia inatosha, inaota haraka na haina gharama. Lantana wanaipenda mno, lakini mimi siipandi: ni mmea uliotoka Amerika, ukishika ardhi hauondoki, na majani yake ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe.

"Viwavi watauua mti"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vipepeo wengi wanapofia.

Yai la kwenye mlimau huanguliwa baada ya siku chache. Anayetoka ni kitu cheusi chenye bato jeupe mgongoni, na kama hujui utaapa ni mavi ya ndege yamedondokea jani. Ndiyo shabaha yenyewe: shore akitua tawini anatazama, anapita. Kiwavi hula, hujivua ngozi, hula tena. Baada ya kujivua mara kadhaa anabadilika kabisa, anakuwa wa kijani mwenye mikanda ya kahawia, mnene kama kidole cha mtoto. Sasa mguse kidogo nyuma ya kichwa kwa kijiti. Zitachomoka pembe mbili laini, za rangi ya chungwa lililoiva, na harufu kali itakupiga puani. Halafu pembe zinarudi ndani kama hazijawahi kuwapo. Haumi, hawashi, hana sumu ya kukudhuru. Hiyo harufu ndiyo silaha yake yote.

Je, ataua mti? Mlimau uliokomaa hauuawi na viwavi hawa. Watakula machipukizi, na mvua ikinyesha mti utachipua tena. Wangu umeliwa miaka na miaka na bado tunauchumia malimau ya kachumbari. Mche mdogo ni habari nyingine. Viwavi wanne wanaweza kuuacha vijiti vitupu kwa siku mbili, na mkulima wa Muheza mwenye kitalu cha michungwa ana haki ya kuwaondoa. Mimi nikiwakuta kwenye mche nakata kijitawi walichokaa, nakifunga kwenye mti mkubwa, wanahama wenyewe.

Isitoshe, wengi hawafiki mbali. Sisimizi hula mayai. Ndege na nyigu huwachukua viwavi. Wapo nzi na nyigu wadogo sana wanaotaga mayai ndani ya kiwavi akiwa hai, na ukimfuga huyo utashangaa anatoka nzi mahali ulipotegemea kipepeo. Ndiyo maana jike mmoja hutaga mayai mengi. Mwenye kutaka vipepeo bila jani lililotoboka anataka kuku bila mayai. Bustani ya vipepeo ni bustani inayokubali kuliwa.

"Viwavi wote ni viwavijeshi, na wote wanawasha"

Viwavijeshi wanaomaliza mahindi ni watoto wa nondo, wale warukao usiku na kujigonga kwenye taa. Wanaowasha, wenye manyoya marefu, kwa sehemu kubwa nao ni wa nondo. Baadhi ya viwavi wa vipepeo wana miiba, kama hawa wa mkarakara, lakini miiba yao ni ya kutisha zaidi kuliko kudhuru. Usiyemjua usimshike kwa mkono. Hilo halikulazimishi kumkanyaga.

"Mwarobaini ni dawa ya asili, hauwadhuru vipepeo"

Hili nalisikia kwa watu wema kabisa, wenye kuchukia dawa za dukani. Wanatwanga majani au mbegu za mwarobaini, wanachuja, wanapulizia bustani nzima, halafu wanangoja vipepeo. Lakini mwarobaini unasifika kwa sababu unafanya kazi, na kazi yake ni hiyohiyo: unamkatisha mdudu hamu ya kula na unavuruga kujivua ngozi kwake. Kiwavi asiyeweza kujivua ngozi hakui, anakufa. Mwarobaini hauulizi huyu ni wa nondo au wa kipepeo. Ukiwa na mchicha wa kuokoa, pulizia mchicha, tena jioni pasipo upepo, na mlimau uuache.

"Chandarua kilichochakaa kinatosha kufugia"

Hili limenigharimu mwenyewe. Mara ya kwanza kufuga nilikuwa na viwavi kumi na mmoja. Nikachukua chandarua cha zamani, kimetoboka pembeni, nikakishona vizuri kuzunguka matawi. Asubuhi wote walikuwa chini, wamejikunja. Sikuelewa, nikadhani ni ugonjwa. Nilipokaa kufikiri ndipo nikakumbuka kwamba vyandarua tunavyogawiwa vimewekwa kiuatilifu tangu kiwandani, ili vimuue mbu anayevigusa. Nami nilikuwa nimewafunga viwavi wangu humo usiku mzima. Kuchakaa hakumaanishi dawa imekwisha.

Tumia wavu wa dirishani wa plastiki, au kitambaa cha shela la bibi harusi, kipya na kilichofuliwa kwa maji matupu. Chukua ndoo au boksi. Tawi liweke ndani ya chupa ya maji, na mdomo wa chupa uzibe kwa kitambaa, la sivyo viwavi watateremka na bua na kuzama. Kinyesi kisafishe kila siku, maana joto la Tanga na unyevu wake huleta ukungu upesi. Badilisha majani kabla hayajanyauka. Kiwavi usimbandue kwa vidole, mhamishe pamoja na jani lake.

"Akihangaika kutoka, msaidie"

Kiwavi akishiba hutafuta mahali, hujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri, hujivua ngozi ya mwisho, akawa pupa. Kwa wa mlimau hukaa hivyo wiki mbili au tatu. Shuleni neno hilo tulilikariri tu, lakini Kiswahili kimetupa onyo ndani yake: pupa hataki pupa.

Mpwa wangu alimkuta mmoja anapasuka, kipepeo yumo nusu ndani nusu nje. Akamhurumia, akachukua wembe wa kukatia kucha, akalimalizia gamba. "Mamdogo, nimemsaidia," akaniambia, uso umejaa furaha. Kipepeo akatoka na mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, na hayakunyooka tena. Akiachwa, huyatoa mwenyewe, hupanda juu ya kitu, huning'inia, halafu husukuma majimaji ya mwilini mpaka kwenye mishipa ya mabawa, yakafunguka taratibu. Kisha husubiri saa moja au mbili yakauke. Kazi yako ni kumwekea kijiti cha kuning'inia na kuwazuia sisimizi. Matone atakayoyadondosha, hata yakiwa mekundu kama ilivyo kwa baadhi ya aina, si damu. Ni taka zilizobaki tangu alipokuwa pupa.

"Unga wa mabawa hupofusha, na hata hivyo kipepeo anaishi siku moja"

Unga ule ni magamba madogo mno, yaliyopangwa kama vigae vya paa, na ndiyo yanayompa rangi. Ukiingia jichoni utakukereketa kama vumbi, haupofushi mtu. Ukimshika kipepeo anapungukiwa na magamba, ndiyo maana ni vizuri kumwacha. Na siku moja ni uvumi: wengi huishi wiki mbili, tatu, wengine zaidi.

"Kipepeo hula maua tu"

Wapo wanaodharau maua kabisa. Jamii ya *Charaxes*, vipepeo wenye miili minene na mikia miwili kwenye bawa la nyuma, hutafuta matunda yaliyooza, utomvu wa miti, hata kinyesi. Bibi yangu alikuwa akiacha maganda ya ndizi na embe bovu chini ya mti kwa ajili ya kuku, na vipepeo hao walikuwa wakifika kabla ya kuku. Weka kisahani cha ndizi iliyopita kiasi, mahali penye kivuli. Karibu na bomba acha tope kidogo: madume hukusanyika hapo kufyonza chumvichumvi.

"Wale wafugaji wa Amani wanaumaliza msitu"

Nimeyasikia haya ndani ya daladala ya Muheza, na yaliniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanavijiji wanaozunguka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, huko Usambara Mashariki, walianza kufuga vipepeo kwa biashara. Hawakuufagia msitu kwa nyavu. Walikamata wazazi wachache, jike akataga ndani ya kizimba cha neti, viwavi wakalishwa majani ya miche iliyopandwa shambani, na waliouzwa nje walikuwa pupa, kwa sababu pupa hali, hanywi, na anaweza kusafiri kwa ndege akafika Ulaya au Marekani kwenye nyumba za maonyesho kabla hajatoka. Damu ilipochoka, yaani vizazi vya ndugu kwa ndugu vilipodhoofika, walirudi msituni kutafuta wazazi wapya. Msitu ungekatwa, wasingekuwa na pa kurudi. Mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, pupa nao waliingia katika katazo hilo, na akina mama waliokuwa wakilipa ada kwa fedha hiyo wakabaki na vizimba vitupu.

Kwako nyumbani huhitaji kwenda Amani kukamata chochote, na ndani ya hifadhi huruhusiwi bila kibali. Panda mndimu, ngoja.

Leo asubuhi kuna pupa mmoja ukutani, juu kidogo ya bomba. Jana alikuwa wa kijani. Sasa gamba limekuwa jembamba, na ukiinama unaona weusi wa bawa na doa moja la manjano limebanwa ndani. Nimewaambia watoto ndoo wachotee upande wa pili.