Je, wajua jinsi ofisi tupu inavyoweza kuwa nyumba isiyohitaji kiyoyozi?

Ingia kwenye jengo la vioo katikati ya Kampala saa nane mchana, siku ambayo umeme umekatika. Nje, chini ya mwembe, hewa ni tamu. Ndani jasho linakutoka. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, lakini umeinuka mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mchana joto hufika nyuzi 27 au 28 na usiku hushuka hadi 17 au 18. Hewa ya namna hii haidai kiyoyozi. Joto linalokutesa humo ndani limetengenezwa na jengo lenyewe.

Mwanga wa jua hupenya kioo, hugonga sakafu na meza, kisha hugeuka joto ambalo haliwezi kutoka kwa urahisi ule lilioingilia. Madirisha ya ofisi nyingi hayafunguki, basi zege hulinyonya kutwa nzima na kuanza kulitoa jioni. Karani halijui hilo, maana ameshakwenda kwake. Atakayelijua ni mpangaji anayelala humo. Tangu korona iliyotufungia majumbani mwaka 2020, ofisi nyingi Marekani na Ulaya zilibaki tupu na wazo la kuzigeuza makazi likashika kasi. Wazo hilo likifanyiwa kazi hapa kwetu, kupaka rangi na kujenga jiko hakutatosha.

Kwanza ni kivuli, nacho kiwe nje ya kioo. Pazia la ndani hukinga macho tu, joto limeshaingia. Bahati yetu ni kwamba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Hata mwishoni mwa Juni, linapoegemea kaskazini kuliko wakati wowote, ukingo wa zege uliotokeza sentimita 60 juu ya dirisha hufunika ukuta kwa kivuli cha mita 1.4 hivi. Desemba huegemea kusini, na hesabu ni karibu ileile. Ugumu uko mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huja limeinama, likapita chini ya ukingo wowote. Huko panataka matofali ya matundu ya udongo wa kuchoma, na udongo wa Kajjansi uko jirani, barabara ya Entebbe. Ningekuwa mchoraji, pande hizo ningezipa ngazi, stoo na mabafu. Vyumba vya kulala ningevielekeza kaskazini na kusini.

Halafu hewa. Aliyewahi kupanga muzigo, chumba kimoja chenye dirisha mbele tu, anajua jinsi nyuma kunavyobaki na fukuto. Wasanifu wana kipimo chao: dirisha likiwa upande mmoja, hewa huingia ndani kama mara mbili ya kimo cha dari, yakiwa pande mbili zinazotazamana, hufika mara tano. Kwa dari ya mita 2.7, hiyo ni mita 5 dhidi ya 13. Ofisi nyingi ni pana kuliko hapo. Ndiyo maana New York yapo majengo yaliyotobolewa katikati, ghorofa baada ya ghorofa. Tundu hilo huleta mwanga, na hewa ya moto ikipanda humo huvuta hewa safi kutoka madirishani. Tundu la lifti lisitumiwe kwa kazi hiyo, kwani moto ukizuka moshi hupanda nalo. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria huvuma kuja nchi kavu, kwa hiyo fleti yenye madirisha kusini na kaskazini huupokea na kuupitisha.

Usiku ndipo zege linapopoa, mradi siling bodi iondolewe ili hewa iliguse. Jengo la Eastgate, Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, hufanya hivyo kwa msaada wa feni; msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa vichuguu.

Lakini Kampala kuna mbu, na mbu ni malaria. Wavu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu lazima liwe kubwa zaidi, na wavu wenyewe uwemo tangu mchoro wa kwanza. Mpangaji asipoukuta, atafunga dirisha saa kumi na mbili jioni, na hewa yote ya baridi italala nje.