Je, wajua kwa nini ndege aitwaye mkesha wa Taita havuki shamba la mahindi?

Mabawa anayo, na safari ya kutoka kilima kimoja hadi cha jirani isingemchosha. Hata hivyo mkesha wa Taita (Turdus helleri) haonekani popote duniani ila katika vipande vichache vya msitu juu ya Milima ya Taita, Kenya, hasa Mbololo, Ngangao na Chawia. Edgar Mearns, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1913, akampa jina la Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama.

Tuanze na kumtambua, maana wengi humchanganya. Ana urefu wa sentimita 20 hadi 22. Kichwa na kifua ni vyeusi-vyeusi, mgongo ni kahawia iliyokolea, ubavuni ana rangi ya kutu, na katikati ya tumbo ni mweupe. Mdomo na duara la ngozi kuzunguka jicho ni rangi ya chungwa. Katika misitu hiyohiyo yupo binamu yake, Geokichla gurneyi, na ndiye anayewapotosha watu, kwa sababu naye hutembea chini kwenye giza. Tazama koo na bawa. Huyo wa pili ana koo na kifua cha rangi ya chungwa, mdomo mweusi, na mistari miwili ya madoa meupe kwenye bawa. Mkesha wa Taita bawa lake ni tupu. Makinda huwa na madoadoa kifuani, kwa hiyo usikimbilie kudhani umegundua ndege mpya.

Kumwona ni kazi ya subira. Ingia alfajiri pamoja na mwongozaji anayeujua msitu, chagua mahali penye miti mirefu na sakafu iliyo wazi, kisha simama kimya kwa robo saa. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona: majani makavu yanapinduliwa, kimya, yanapinduliwa tena. Anaruka hatua mbili tatu, anasimama kichwa kikiwa upande, anadonoa. Darubini ya 8×42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42) hufaa kuliko ya 10×25, kwani humo ndani tatizo ni mwanga hafifu, si umbali. Kumchezea sauti iliyorekodiwa si uungwana. Kunamwachisha kula ili akafukuze mpinzani asiyekuwepo.

Sasa, kwa nini havuki? Chakula chake ni wadudu na minyoo wa kwenye majani yaliyooza, pamoja na matunda ya miti ya asili. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima hii ukageuka ukungu, na dari ya miti huhifadhi unyevu huo ardhini. Mti mkubwa ukikatwa, jua linafika chini, majani yanakauka, minyoo inazama, na vichaka vinaota kwa wingi hadi ndege huyu anashindwa kupita. Ndiyo maana huyakwepa hata maeneo ya msitu yaliyovurugwa, sembuse shamba, ambako hana chakula wala pa kujificha kipanga anapopita. Kati ya Mbololo na milima mingine kuna bonde la chini lenye joto na ukame. Kwake hilo ni ukuta.

Matokeo yake yamepimwa. Miaka ya 1990 watafiti waliwanasa kwa nyavu, wakawavisha pete na kuwapima. Jumla ilikadiriwa kuwa yapata ndege 1,350, wengi wao Mbololo, na Chawia makumi machache tu. Dume na jike hufanana, hivyo jinsia ilipimwa kwa damu, na Chawia ikaonekana madume wamezidi. Tena huko Chawia urefu wa mguu wa kushoto na wa kulia ulitofautiana kuliko kwa ndege wa Mbololo. Tofauti yenyewe ni ndogo, huioni kwa macho, lakini ni dalili kwamba kinda alikua katika dhiki.

Kupanda miti kati ya vipande hivi kunasaidia, ila si mti wowote. Mikaratusi na misindano inatoa kivuli, lakini haimpi matunda anayoyala, na majani yake hayaozi upesi kuwa sakafu laini yenye minyoo. Miti ya asili huchukua miongo kadhaa kufunga dari, na mpaka hapo mkesha hatakanyaga.