Je, Wajua Kwa Nini Kinasa Rada Kinaweza Kukaa Kimya na Faini Ikaja Vilevile?

Wapo madereva wanaoamini kwamba kinasa rada, yaani kisanduku kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, kinachopiga mlio kila kinapopata mawimbi ya rada ya trafiki, ni ngao tosha dhidi ya faini. Baadhi yao hukinunua, hukifunga, na siku moja hupokea taarifa ya kosa iliyoambatishwa picha ya gari lao wenyewe, ilhali siku ya kosa hilo kisanduku hakikutoa hata mlio mmoja. Je, kifaa kilikuwa kibovu? Mara nyingi sivyo. Kilifanya kazi yake sawasawa, ila kazi yenyewe ni finyu kuliko wauzaji wanavyoisifia, na ufinyu huo hauonekani mpaka mtu afahamu jinsi mwendo wa gari unavyopimwa.

Rada ya barabarani hutuma mawimbi ya redio kuelekea gari, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Gari likiwa linasogea, mwangwi hurudi na masafa, yaani idadi ya mizunguko ya mawimbi kwa sekunde, yaliyobadilika kidogo: huongezeka gari linapokaribia na hupungua linapokwenda mbali. Badiliko hilo lilielezwa mwaka 1842 na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, aliyekuwa akiwaza kuhusu mwanga wa nyota. Kwa rada inayotumia masafa ya gigahezi 24.15, ambayo ni ya kawaida sana katika kazi hii, gari linalokuja kwa kilomita 100 kwa saa hubadilisha mwangwi kwa mizunguko ipatayo 4,470 kwa sekunde. Mashine huhesabu mizunguko hiyo na papo hapo hutoa jibu kwa kilomita au kwa maili.

Kinasa rada si chochote zaidi ya redio ya kupokea iliyotegwa kwenye masafa hayo. Hakipimi kitu wala hakizuii kitu. Husubiri tu mawimbi yapite na kulia. Hata hivyo kina faida moja ya kimaumbile. Mtu anayetembea gizani na tochi huonekana na wenzake walio mbali muda mrefu kabla ya yeye kuweza kuwaona, kwa sababu mwanga unaowafikia wao umesafiri safari moja, na mwanga unaomwezesha yeye kuona lazima uende, ugonge, na urudi. Ndivyo ilivyo kwa rada. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya mawimbi yanayokifikia kinasa hushuka hadi robo, ilhali mwangwi unaoirudia rada hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo, kwenye barabara iliyonyooka na rada iliyoachwa ikiwaka mfululizo, kinasa kizuri hulia mapema sana, na dereva hupata nafasi ya kutosha kupunguza mwendo.

Sharti la rada kuwaka mfululizo ndilo lililoubeba umaarufu wa vifaa hivi vilipoenea Marekani katika miaka ya 1970, hasa baada ya nchi hiyo kuweka mwaka 1974 kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, katika barabara zake kuu zote. Polisi nao hawakukaa bure. Walipata rada inayokaa tayari bila kutuma mawimbi mpaka askari abonyeze kitufe, na jibu hupatikana kabla dereva hajaondoa mguu kwenye mafuta. Kinasa hapo hulia, lakini hulia kutangaza jambo lililokwisha kutendeka. Dereva huyo anaweza kuokolewa tu na bahati ya kuwapo gari jingine mbele yake, lililopimwa kwanza na mawimbi yakatawanyika hadi kwake.

Tatizo likawa kubwa zaidi ilipokuja leza. Mashine ya leza haihesabu mabadiliko ya masafa. Hutuma mipigo mifupi ya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, hupima muda ambao kila mpigo unachukua kwenda na kurudi, na kwa kulinganisha umbali wa mpigo mmoja na unaofuata hujua gari linakwenda kasi gani. Kazi yote hiyo humalizika ndani ya nusu sekunde au chini yake. Lililo muhimu kwa mjadala wetu ni upana wa miali. Rada ya mkononi yenye miali ya nyuzi 12 hivi huwa imetawanyika, ikifika mita 300, kwa upana wa takriban mita 60, na mtu yeyote aliyemo katika eneo hilo anaweza kuyanasa mawimbi yake. Miali ya leza katika umbali huohuo huwa na upana wa karibu mita moja tu. Askari huielekeza kwenye bamba la namba au kwenye taa ya mbele, na kisanduku kilichobandikwa juu kwenye kioo huenda kisiguswe kabisa. Kikiguswa, maana yake ni kwamba gari ndilo linalopimwa sasa hivi. Ukungu, mvua au gari la mbele vinaweza kuutawanya mwanga kidogo na kukipa kinasa dokezo, lakini nisingemshauri mtu kutumia fedha zake kwa kutegemea ukungu.

Baada ya leza zinafuata mbinu ambazo kinasa hakina namna yoyote ya kuzitambua, kwa kuwa hazitumi kitu hewani cha kunaswa. Baadhi ya kamera za kudumu hutegemea nyaya au vihisi vilivyofukiwa chini ya lami. Magurudumu yakipita juu ya kihisi cha kwanza na kisha cha pili, kompyuta hugawanya umbali kwa muda. Kubwa kuliko zote ni kamera za mwendo wa wastani, ambazo zimetumika Uingereza tangu mwaka 1999 na zimeenea katika nchi nyingine kadhaa. Kamera ya kwanza husoma namba za gari na kuandika saa. Kamera ya pili, labda kilomita 10 mbele, hufanya hivyohivyo. Kikomo kikiwa kilomita 100 kwa saa, gari halipaswi kuumaliza umbali huo chini ya dakika 6, na lililotumia dakika 5 limekwenda kwa wastani wa kilomita 120, hata kama lilipita mbele ya kila kamera polepole kama maandamano ya harusi. Kushika breki baada ya kusikia mlio, ambako ndiko msingi wote wa biashara ya vinasa, hapa hakuna maana.

Hata kamera za rada zenyewe si lazima zimpe dereva onyo la mapema. Kamera maarufu za Gatso, kwa mfano, nyingi hulitazama gari likiwa limekwisha kupita: rada huelekezwa nyuma ya gari, picha mbili hupigwa kwa tofauti ya nusu sekunde, na mistari iliyochorwa barabarani huonyesha gari lilisogea kiasi gani kati ya picha ya kwanza na ya pili. Kinasa kinachotazama mbele hubaki kutegemea mawimbi yaliyorudishwa na vitu vya kando. Inafaa kukumbuka pia kwamba aliyezianzisha kamera hizo, Maurice Gatsonides wa Uholanzi, alikuwa dereva wa mashindano aliyeshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1953, na kifaa chake cha kupimia mwendo alikibuni ili ajifunze kupita kwenye kona kwa kasi zaidi.

Upande wa pili wa udhaifu ni kelele. Masafa ya gigahezi 24 hayatumiwi na polisi peke yao. Milango ya madukani inayofunguka yenyewe hutumia masafa hayo, na magari mengi yana vihisi vya masafa hayohayo vya kumwonya dereva kuhusu gari lililo pembeni asipoliona. Matokeo yake, kinasa cha bei nafuu katika mji wenye magari mengi hulia karibu bila kukoma, na binadamu akizoea mlio usio na maana huacha kuusikiliza. Kifaa kinacholia mno na kifaa kinachonyamaza, kwa dereva aliyechoka, huwa ni kitu kimoja. Vile vya bei kubwa huchuja vizuri zaidi, hukumbuka mahali penye milango ya aina hiyo na kunyamaza vinapofika hapo. Lakini kadiri uchujaji unavyokuwa mkali ndivyo hatari ya kuichuja rada ya kweli inavyoongezeka.

Kwa nini basi wapo watu wanaoapa kwamba vifaa vyao vimewaokoa mara nyingi? Kwa kiasi fulani wanasema kweli, ila katika vifaa vingi vya sasa kinachowaokoa si kinasa bali ni ramani. Kifaa hupata mahali kilipo kwa setilaiti, hulinganisha na orodha ya kamera zinazojulikana, na humwonya dereva kabla hajafika. Njia hii haijali kama kamera inatumia rada, leza au vihisi vya chini ya lami, kwa sababu haisikilizi chochote. Inajua tu kwamba mahali fulani pana kamera. Orodha kama hiyo imo katika simu za watu wengi tayari. Waze, programu iliyoanzishwa Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, hupokea taarifa za madereva wenyewe, na ramani za Google nazo huonyesha kamera katika nchi nyingi. Mtu anayetaka kujua tu kamera za kudumu zilipo hana haja ya kununua kinasa, ila akumbuke kwamba orodha haimjui askari aliyeweka mashine yake nyuma ya kona asubuhi hii, mpaka dereva wa kwanza aliyemwona aitoe taarifa.

Kabla ya fedha, hata hivyo, kuna sheria, na sheria hazifanani hata kidogo. Nchini Marekani kinasa kinaruhusiwa katika gari binafsi karibu kila jimbo, isipokuwa Virginia na mji mkuu Washington, na kimepigwa marufuku katika malori na magari mengine makubwa ya biashara nchi nzima. Uingereza inaruhusu vifaa vinavyopokea tu, lakini dereva aliyefunga mtambo wa kuvuruga leza anaweza kushtakiwa kwa kuzuia haki isitendeke, kosa ambalo ni zito kuliko mwendo wenyewe. Nchini Uswisi hata kukibeba ni kosa, na kikikamatwa huharibiwa. Ujerumani inamkataza dereva kutumia si kinasa peke yake bali pia programu ya simu yenye kuonyesha kamera. Ufaransa ilitafuta njia ya kati ya kuvutia: tangu mwaka 2012 vifaa vya pale haviruhusiwi kutaja mahali kamera ilipo, vinaweza tu kutangaza eneo la hatari, ambalo huwa na urefu wa mita 300 mjini, kilomita 2 nje ya miji na kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi, na ndani yake huenda ikawapo kamera au isiwepo. Dereva anayevuka mpaka akiwa na kisanduku kwenye kioo anaweza kuwa mhalifu kwa kuvuka tu, na kukizima hakutoshi katika kila nchi. Kukificha nako si dawa ya uhakika, kwani vinasa vingi huzalisha ndani yake mawimbi dhaifu ya kusaidia upokeaji, mawimbi hayo huvuja, na polisi wa baadhi ya nchi wana mashine za kuyanusa.

Tukiyaweka yote hayo pembeni, dereva anapata nini kifaa kikimfanyia kazi vizuri kabisa? Anapata ruhusa isiyo rasmi ya kwenda kasi zaidi, na kasi huokoa muda mchache kuliko inavyohisiwa kwenye usukani. Safari ya kilomita 100 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huchukua dakika 60. Kwa mwendo wa 110 huchukua dakika 54 na nusu, tena hapo tumechukulia kwamba hakuna taa wala msongamano. Upande wa gharama, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia 4. Nazo kamera, pamoja na lawama kwamba zimewekwa kukusanya mapato, lawama ambayo mahali pengine haikosi ukweli, zimechunguzwa kwa kina: mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kulinganisha tafiti, yaliyokusanya tafiti 35, yalikuta ajali za vifo na majeraha makubwa karibu na kamera zimepungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Kinasa humfundisha dereva tabia iliyo kinyume, ya kushika breki ghafla mbele ya kamera na kukanyaga mafuta mara anapoipita, na anayelipa kwa tabia hiyo mara nyingi ni gari lililo nyuma yake.

Kwa maoni yangu, basi, kwa dereva wa kawaida kifaa hiki hakistahili bei yake, na katika nchi kinakokatazwa hakistahili hata kufikiriwa. Ninayemwelewa ni dereva wa aina moja tu: yule asiyetaka kukimbia, bali anayesahau kikomo kilipobadilika kutoka 80 hadi 50 na akajikuta amekosea bila nia. Huyo anahitaji ukumbusho wa mwendo, na ukumbusho huo unapatikana kwa njia ya moja kwa moja zaidi, kwa programu ya ramani inayoonyesha kikomo cha barabara au kwa kidhibiti mwendo kilichomo katika gari lake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa linatakiwa kuwa na mfumo unaosoma vibao vya barabarani na kumtahadharisha dereva anapozidisha, kuwe na kamera au kusiwe nayo.