Maji ya baridi hayatoi kitambi, na mtoto mchanga msimguse nayo

Jamani, nimechoka. Juzi tena kaja mama wa kambini hapa Kabale, kambeba mtoto wa siku kumi, ananiambia sista, naoga maji ya baridi alfajiri ili mafuta ya kahawia ya mwilini yachome kitambi, na mtoto namwogesha hayohayo. Nikamgusa mtoto miguu, baridi kama jiwe la mtoni, lakini mgongoni kati ya mabega pana joto. Hapo ndo penye hayo mafuta, yalikuwa kazini.

Mafuta meupe ni ghala, ya kahawia ni jiko. Seli za hayo ya kahawia zimejaa mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, na chuma kilichomo ndo kinaleta rangi. Baridi ikipiga, neva zinamwaga noradrenalini, kemikali ya kuamsha seli, kisha UCP1, protini iliyo kama mlango kwenye mitokondria, inafungulia protoni zipite bila kutengeneza ATP, ile nishati ya kutumiwa na seli, nishati inatoka joto tupu. Basi.

Sasa sikilizeni, mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi, jiko lake ndo hilo na linakula oksijeni na sukari, kwa hiyo ukimwogesha baridi unamchomea akiba yake, sukari inashuka, uzito unashuka, na njiti ndo kabisa, amezaliwa kabla hajaweka akiba hiyo. Ndo maana tunamfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Kwa watu wazima, 2009 vipimo vya PET, picha zinazoonyesha wapi mwili unatumia sukari, vilithibitisha kwamba tunayo bado, shingoni na juu ya mtulinga, na toka hapo watu hawalali. Yapo, ila machache. Kupasha nusu lita ya maji ya barafu mpaka joto la mwili ni kalori hazifiki 20, na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai mawili inapita 300, halafu baridi yenyewe inaleta njaa. Zipo seli zinazogeuka kahawia ndani ya mafuta meupe, kwa panya zinachipuka kweli, ila panya ni kadogo kanapoteza joto haraka, kitambi chako hakigeuki hivyo.

Hata wataalamu bado wanabishana yanachoma kiasi gani, maana ile PET inafuata sukari wakati seli hizi zinachoma zaidi mafuta. Wenye nayo mengi wengi wana sukari nzuri ya damu, lakini kipi kimeleta kipi, mimi siapi.

Mtoto tulimvalisha kofia, tukamweka kifuani kwa mama, blanketi juu, na baada ya muda miguu ikapata vuguvugu akaanza kunyonya. Maji yake pimeni kwa kiwiko.